Feni Katika Mji wa Baridi

Ukuta wa Matone ulikuwa ndani ya mwamba, chini kabisa ya mlima, mahali ambapo jua halijawahi kufika. Ulikuwa mrefu kupita paa la kanisa, mweusi tii, na juu yake matone ya mwanga yaliteremka mchana kutwa, taratibu, bila sauti. Kila tone lilikuwa nyumba. Mtu akibandika birika la chai kule Mbeya, tone lake linanenepa. Akilibandua, linakonda. Mama fulani akimaliza kupiga pasi sare za watoto, tone lake linakuwa jembamba mara moja, nawe uliyesimama pale unaweza kuapa kwamba umemwona akiikunja ile sare na kuiweka kitini.

Wageni waliokuja kutembezwa kituoni walifika mbele ya ukuta huo wakashusha sauti, na wengine walivua kofia. Siwacheki. Hata mimi ningevua.

Watu wengi hawalijui hili, wanadhani umeme umelala mahali fulani kama mahindi ghalani, unangoja kuitwa. Wapi! Betri zilikuwepo, ndiyo, lakini betri za kulisha mkoa mzima usiku na mchana zingejaza bonde. Ghala la kituo cha Kasiba lilikuwa maji yenyewe. Mto Kasiba ulizuiwa juu mlimani kwa ukuta wa zege, ukatulia ukawa bwawa. Kutoka bwawani maji yaliteremshwa ndani ya bomba pana la kupitisha lori, yakaja yakiongeza kasi gizani mpaka chini, yakalipiga gurudumu la chuma. Gurudumu likazunguka, na mhimili wake ukazungusha sumaku kubwa katikati ya misokoto ya nyaya za shaba. Sumaku ikizunguka ndani ya shaba, umeme unazaliwa. Hakuna uchawi hapo, ingawa ukisimama karibu ukasikia sakafu inavyotetemeka utaanza kuwa na shaka. Maji yakishamaliza kazi yake yanatokea upande wa pili wa mlima, yanarudi mtoni na kuendelea na safari.

Kasheshe ni kupima. Umeme unaotengenezwa lazima ulingane na ule unaotumika, papo kwa papo. Mji ukiwasha majiko, gurudumu linaelemewa, linataka kupunguza mwendo; basi lango la maji lifunguliwe kidogo. Mji ukizima, lango lifungwe. Zamani kazi hiyo ilifanywa na watu waliokaa mbele ya saa za mishale wakikodoa macho. Siku hizi ilifanywa na Mgawaji.

Mgawaji alikuwa akili ya mashine iliyoenea kituoni kote, kuanzia lango la bwawa hadi mita ya nyumba ya mwisho kabisa. Hakuwa na mwili. Alikuwa na sauti tu, sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, haipandi haishuki, hata pale anapokwambia jambo la kukupasua kichwa. Alijua nyumba ipi inachemsha maharage na ipi imesahau pasi. Mita zake ziliweza kukata kifaa kimoja ndani ya nyumba na kuacha kingine. Watu walimtukana sana, lakini taa ziliwaka.

Aliyemsimamia ni Injinia Tusekile Mwaisumo, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye tabia ya kusimama mbele ya Ukuta wa Matone amekumbatia kikombe cha chai mpaka chai inapoa. Wenzake walidhani anakagua mitambo. Hakuwa anakagua chochote. Alikuwa anamtazama baba yake.

Tone la baba lilikuwa pembeni kushoto, chini, kwenye kundi dogo la matone ya Lusanje, mji wa milimani wenye ukungu na migomba na baridi isiyo na adabu. Mzee Ambilikile aliishi huko peke yake tangu mkewe alipofariki. Alikuwa mwendesha mitambo enzi za saa za mishale, na ndiye aliyemfundisha binti yake kuona bonde zima kupitia mashine. "Ukikaa hapa, mama," alikuwa akimwambia, maana Tusekile alirithi jina la bibi yake mzaa baba, na baba alizoea kumwita hivyo, "unajua nani kaamka na nani bado kajifunika."

Basi Tusekile aliyajua maisha ya baba yake kwa njia hiyo. Alfajiri, birika. Mchana, redio. Jioni, saa moja, taa ya barazani: balbu moja ya waya, ya kizamani, inayokula umeme mwingi na kutoa mwanga wa manjano, ambayo mzee aligoma kuibadilisha. Na kila jioni mzee alifanya jambo lilelile. Aliizima na kuiwasha mara mbili. Kule chini ya mwamba, tone lake lilipepesa. Hiyo ilikuwa salamu.

Na Tusekile alijibu. Hili lilikuwa kosa dogo la kikazi na Mgawaji alilifumbia macho: alipunguza nguvu ya umeme kwenye mita ya nyumba ile moja tu, kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha akairudisha. Taa ya mzee ilififia, ikawaka tena. Baba na binti waliita hilo konyezo. Siku nyingine hawakupigiana simu kabisa, konyezo lilitosha. Kila mwaka Tusekile alisema Krismasi hii naenda Lusanje, na kila mwaka bwawa lilimhitaji. Lakini hakuona kama amemtupa mzazi. Mtu utamtupaje wakati unamletea mwanga kila jioni kwa mkono wako?

*

Mwaka huo mvua ziligoma. Bwawa lilishuka mpaka visiki vya msitu uliozamishwa zamani vikachomoza, vyeupe, vimesimama kwenye tope. Asubuhi ukungu ulitanda juu yake, na walinzi walisema wanasikia ndege waliokuwa wakiishi kwenye miti ile. Tusekile aliwaambia wanywe chai.

Maji yalipofika alama nyekundu, Amri ya Kiangazi ikaanza kufanya kazi. Amri hiyo aliiandika Tusekile mwenyewe, na siku alipoisoma kwenye ukumbi wa mkoa watu walisimama wakapiga makofi. Ilisema hivi: wodi ya wazazi na mashine za kuwatunza watoto njiti zisiguswe, pampu za maji ya kunywa zisiguswe. Kinachokatwa kwanza ni umeme usiomtumikia mtu yeyote. Na ndugu wa mfanyakazi asipendelewe hata kwa taa moja. Hapo ndipo makofi yalipozidi.

Mgawaji akaanza kupita nyumba kwa nyumba, akizima mabango yanayowaka bila msomaji na majokofu matupu. Siku moja asubuhi akasema, kwa sauti yake ya taarifa ya habari:

"Injinia, nina nyumba hapa ya Lusanje. Ni ya Mwaisumo Ambilikile. Ina vifaa viwili visivyomtumikia mtu."

Tusekile aliweka kikombe chini. "Hebu rudia."

"Cha kwanza ni balbu ya barazani. Katika nyumba nyingine mwanga humfuata mtu. Anaingia jikoni, anawasha, anatoka, anazima. Katika nyumba hii, kwa takriban miaka miwili, hakuna taa iliyowashwa isipokuwa hiyo moja. Chumbani giza, jikoni giza, chooni giza. Anatembea humo humo. Nimeona kwamba mwanga hauna kazi kwake."

"Anabana matumizi. Mzee anajali, amesikia bwawa limeshuka."

"Bwawa limeshuka mwaka huu. Nasema miaka miwili."

"Na cha pili?"

"Feni."

"Feni gani?"

"Feni ya mezani, muundo wa zamani. Huwashwa kila jioni kabla ya saa moja na kuzimwa baada ya saa moja na kidogo. Leo jioni Lusanje kutakuwa na baridi ya kuvaa koti."

Jamani, hapo Tusekile alicheka kwa sauti mpaka fundi mmoja akageuka. Feni Lusanje! Watu wa kule wanaoga maji ya moto mwaka mzima na bado wanatetemeka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni, maana mara moja akapata jibu, na jibu lenyewe halikumpendeza. Feni huwashwa na watu wa joto. Baba kaoa. Kaoa mtu wa Pwani, kamleta milimani, na mama wa watu hawezi kupumua bila upepo. Ndiyo maana wanajificha gizani, ndiyo maana simu za picha mzee anazikataa, eti zinachosha macho.

"Na hakuniambia," alisema. "Mimi mwanawe wa kwanza!"

"Sina taarifa za ndoa," Mgawaji alisema. "Mimi najua mita. Vifaa vyote viwili vitakatwa leo saa moja jioni, isipokuwa nikipata sababu ya mtu."

"Sababu ya mtu ni nini?"

"Uliandika wewe, Injinia. Mtu aonekane ambaye umeme huo unamtumikia."

Angeweza kusema neno moja tu, liache tone hilo, na Mgawaji angeliacha. Alifungua kinywa akitaka kulisema. Halafu akayakumbuka yale makofi, na mama mmoja wa Itumba aliyekatiwa jokofu juzi, akalia kwenye simu na kuambiwa sheria ni msumeno. Alikifunga kinywa.

"Nitakwenda mwenyewe kuiona hiyo sababu," alisema. "Lakini nani atabaki na mitambo?"

"Nenda tu. Maji yatateremka hata usipokuwepo."

Neno hilo lilimchoma. Miaka yote alijiambia kwamba bwawa haliwezi kukaa bila yeye hata wikiendi moja, na mashine haina hata soni, inamwambia wazi hivyo. Alichukua koti lake akatoka bila kuaga.

*

Njia ya haraka kwenda Lusanje ilikuwa kwa kitambazi. Hicho kilikuwa kibanda kidogo cha kioo, cha kukaa mtu mmoja, chenye magurudumu yanayoning'inia kwenye waya wa juu wa laini kubwa, kilichotengenezwa kwa ajili ya mafundi wa nguzo. Tusekile alifunga mkanda, kitambazi kikatoka kwenye uwanja wa transfoma, kikapanda.

Chini yake transfoma zilivuma. Hapo ndipo umeme unapopandishwa msongo, usukumwe kwa nguvu nyingi, maana safari ni ndefu na nyaya huula kidogo njiani. Kisha nguzo ya kwanza, ya pili, na kituo kikabaki nyuma. Waya ulipita juu ya mashamba ya chai, juu ya shule, juu ya mto wenyewe uliokuwa umekonda. Umeme uliokuwa kando yake ulikuwa umeshafika Lusanje kabla hata hajavuta pumzi, umeshachemsha maji ya mtu, na yeye bado anabembea hapo kama nguo kwenye kamba.

Ukungu ukaingia. Nguzo zilikuja moja moja, zikatoweka. Tusekile alisinzia, au labda hakusinzia, lakini alimwona mama yake amekaa juu ya mkono wa nguzo anachambua mboga, akamwuliza bila kuinua macho: umemletea nini baba yako? Alitazama mikononi. Hakubeba hata sukari. Miaka yote hii nampelekea umeme, alitaka kujitetea, lakini nguzo ilishapita.

Kwenye kituo cha kupoza umeme cha Lusanje laini kubwa ziliishia. Hapo msongo unashushwa, umeme unapozwa makali yake ili uweze kuingia nyumbani kwa mtu bila kumuua. Tusekile alishuka hapo, akanunua sukari na mkate kwenye duka la njiani, akaendelea kwa miguu akifuata nguzo za miti zinazokwenda nyumba kwa nyumba. Jua lilikuwa linazama nyuma ya ukungu. Njiani alipanga maneno yake. Shikamoo mama mdogo, karibu kwetu, angalia usipate mafua. Kwa dharau kidogo, lakini isizidi.

*

Mlango wa barazani ulikuwa wazi. Hapakuwa na mama mdogo.

Alikuwepo Mzee Ambilikile peke yake, amekaa kwenye kiti cha mbao. Alivaa sweta mbili na kofia ya sufu, na miguuni alijifunika blanketi. Mbele yake, juu ya stuli, feni kuukuu ya mezani ilikuwa inazunguka kwa nguvu zote, inampulizia upepo wa baridi usoni. Mzee alikuwa anatetemeka. Tusekile alisimama mlangoni na maneno yake yote ya dharau, akashindwa kuelewa anachokiona.

Mzee alikuwa ametazama mlangoni, moja kwa moja. Tusekile akatabasamu, akainua mkono akampungia.

Mzee hakupunga.

Aliinuka taratibu, akapapasa ukuta mpaka kwenye swichi. Akazima taa. Akawasha. Akazima. Akawasha. Halafu akainua mkono, akaigusa balbu kwa nyuma ya kidole ili ahisi kama ina joto. Ilikuwa nalo. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akarudi kitini kwa kugusa mgongo wa kiti kwanza, akaketi, akaiinamia feni. Sikio lake lilikaribia kabisa chuma. Hakuwa anapunga hewa. Alikuwa anasikiliza.

Hapo Tusekile alielewa, na alielewa yote kwa pamoja, mpaka akajishika mlango. Feni za siku hizi hazijali umeme ukipungua, zina akili zake, zinashika mwendo uleule. Lakini feni kuukuu inamtii mwenye umeme. Nguvu ikishuka, inapunguza mwendo, sauti yake inakuwa nzito. Nguvu ikirudi, inapanda tena. Mtu asiyeona taa ikififia anaweza kulisikia konyezo kwenye feni. Jioni zote hizo yeye alikuwa amesimama chini ya mwamba na kikombe cha chai, anafurahi kwamba baba ameona, na baba yuko hapa kwenye baridi na blanketi, anasubiri chuma kishushe pumzi ili ajue mwanawe yuko hai.

Aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kumfanya mtu atamani ardhi ipasuke. Alipeleka kidole kwenye kidude cha sikioni amwambie Mgawaji akonyeze, sasa hivi, haraka. Alikuwa amechelewa.

Saa moja ikafika. Taa ikazimika, na feni ikaanza kupunguza mwendo.

Uso wa mzee ulichanua. "Haya, mama," alisema kwa upole, "na wewe habari za kushinda." Akangoja ipande tena.

Haikupanda. Feni ilizidi kupungua, mapanga yake yakaanza kuonekana moja moja, yakasimama. Baraza lote likawa kimya. Mzee aliipiga feni kofi dogo. Akaitikisa. Akapapasa waya wake mpaka ukutani, akakuta umechomekwa vizuri.

"Tusekile?" aliiuliza ile feni. "Mama?"

Kisha akasimama ghafla, blanketi likaanguka, kikombe kikapinduka, na mikono yake ikaanza kutafuta simu mezani, chini, kwenye mifuko ya sweta, inatafuta bila mpango. "Mungu wangu, mwanangu kapatwa na nini? Kituo kimefanyaje? Mwanangu!"

"Baba."

Mzee aliganda. Simu alishaipata, akaiweka sikioni. "Haloo? Uko wapi? Uko salama?"

"Niko hapa, baba. Mlangoni."

Simu ilibaki sikioni muda mrefu. Tusekile alivuka baraza akamshika mikono yote miwili, ilikuwa baridi sana, na mzee alimpapasa uso wote, paji, mashavu, kidevu, akakuta machozi, akayafuta kwa kidole kilekile cha kupimia balbu.

"Umekonda," alisema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huli huko?"

"Tangu lini, baba? Macho?"

"Presha ya macho. Ilianza upande mmoja, nikasema itapita. Daktari akasema nimechelewa, mshipa umeshaliwa." Alikaa, akamvuta naye akae. "Mama Nsajigwa wa hapo jirani hunisaidia kupika. Nilimwapisha asikwambie."

"Kwa nini?"

"Nilisema nitakwambia ukija."

Tusekile aliinamisha kichwa. Nje mtu alikuwa anaita mbuzi wake, na nyumba za jirani zilikuwa zimeanza kuwaka.

"Ningekwambia kwenye simu ungekuja, najua," mzee aliendelea baadaye. "Ungekuja mbio, unaangalia saa, nusu yako iko bwawani. Mimi nimefanya kazi hiyo, naijua. Mama yako alinilalamikia mpaka akachoka. Nikaona bora nikuache, na mimi ninalo konyezo langu. Ila baridi ya hiyo feni, mwanangu, isikie tu!"

Tusekile alicheka huku analia. "Mimi nilidhani umeoa mtu wa Pwani."

"Nani?"

"Mgawaji aliona feni, nikasema kuna mama wa Tanga humu."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Lete basi huyo mama wa Tanga, nani kamkataa?"

Kwenye sikio la Tusekile sauti ya taarifa ya habari ikasema: "Injinia, vifaa viwili vya Lusanje vimekatwa kwa mujibu wa Amri ya Kiangazi. Je, umeona sababu ya mtu? Ikiwepo, nitarudisha."

Sababu ilikuwepo. Ilikuwa imekaa mbele yake na sweta mbili, na haikuvunja sheria yoyote. Neno moja tu, feni ingezunguka. Kesho angepanda kitambazi, kesho kutwa jioni angesimama mbele ya ukuta na kikombe chake, na mzee angejifunika blanketi, wakonyezane. Watu wawili wangeendelea kudhani wanaonana.

"Nani huyo unamsikiliza?" baba aliuliza.

"Mgawaji. Anauliza kama arudishe feni."

Mzee aliigusa feni, akalizungusha panga moja kwa kidole. "Sasa unaondoka lini?" aliuliza, polepole, uso ameugeuza pembeni, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua.

Tusekile alifikiria gurudumu kule chini ya mwamba, mhimili wake, shaba yake, sakafu inayotetemeka. Lilikuwa linazunguka sasa hivi, bila yeye, wala halikuhisi kwamba hayupo. Hilo lilimwuma. Pia lilimfungua.

"Mgawaji," alisema, "usirudishe."

"Sababu haikuonekana?"

"Imeonekana. Umeme huo ulikuwa unanitumikia mimi, na mimi ni mfanyakazi mwenyewe, nisipendelewe. Upeleke kwa watoto njiti. Na lango ulifungue na kulifunga mwenyewe, usinisubiri kesho."

"Hadi lini?"

"Hadi mvua zinyeshe. Zikinyesha tutaongea."

"Sawa, Injinia," alisema Mgawaji. Akangoja kidogo, jambo ambalo si kawaida yake. "Kwenye ukuta, tone la nyumba ya baba yako limezimika kabisa. Niliondoe?"

"Liache mahali pake."

Akaking'oa kile kidude sikioni, akakiweka mezani karibu na feni. Giza lilikuwa limeshaingia barazani, giza nene la milimani lenye ukungu ndani yake. Tusekile alinyoosha mkono kwenye swichi ya ukumbini, akabonyeza. Hakuna kitu. Akajaribu ya jikoni, nayo hakuna kitu.

"Balbu zote ziliungua zamani," mzee alisema. "Za nini kwangu? Njoo twende jikoni, moto upo, Mama Nsajigwa aliacha makaa. Umeleta sukari?"

"Nimeleta."

"Sasa umekuwa mtu."

Tusekile alipiga hatua moja akagonga stuli, feni ikaanguka chini kwa kishindo. Akasimama, hajui kulia wala kushoto, yeye ambaye alimulika mkoa mzima. Ndipo akahisi mkono wa baba yake unamshika kiwiko, umetulia, unajua njia.

"Taratibu, mama," mzee alimwambia. "Inua mguu, hapo pana kizingiti."

Akainua mguu.